Wasifu wa Marehemu Jovin Kalumuna, Mwenye Hanga la Kona

Marehemu Jovin Kalumuna alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Gerezani, Dar es Salaam. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Leonard Kalumuna, fundi wa karakana ya reli aliyetoka Bukoba, na Mama Paskazia. Kati ya wadogo zake amebaki mmoja, Joyceline, ambaye ndiye anayesoma haya mbele yenu. Familia ilikaa na kukubaliana kwamba wasifu huu usimpake marehemu rangi asiyokuwa nayo. Jovin alikuwa mchapakazi, mkarimu, mtu wa kanisani hata siku za mvua, na alikuwa na wivu. Hakuwaonea wivu watu wote, maana hakuwa na nafasi hiyo. Alimwonea mtu mmoja tu, maisha yake yote, na mtu huyo amekaa pale mstari wa pili, mwisho kabisa, amevaa shati jeupe. Anaitwa Ashok.

Ashok alizaliwa wiki moja na Jovin, siku chache kabla, na hilo lenyewe Jovin hakulipenda. Baba yake Ashok alikuwa na duka la misumari na mabati Kariakoo, pale Mtaa wa Aggrey unapokutana na Likoma. Lilikuwa duka la kona. Wageni wa mji huenda wasione maajabu yake, lakini mtoto aliyekulia Kariakoo anajua kona ni kitu gani. Duka la kona lina milango miwili, linaonwa na mitaa miwili, na upepo unaingia huku na kutokea kule hata mwezi wa pili. Ashok alikuwa anakaa katikati ya milango hiyo kwenye kigoda cha baba yake, anakula karanga, anaona kila anayepita Aggrey na kila anayepita Likoma. Jovin akirudi nyumbani, dirisha lao lilitazama ukuta wa karakana. Mama Paskazia alisimulia kwamba jioni moja alimkuta mwanawe wa kwanza ameweka ndoo kichwa chini kwenye pembe ya nyumba, kaikalia, anageuza shingo kushoto na kulia. Alipomuuliza anafanya nini, alijibu kwamba anakaa kona. Kwa bahati mbaya, upande mmoja palikuwa na choo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965 katika Shule ya Msingi Uhuru na kumaliza la saba mwaka 1971. Aliketi dawati moja na Ashok. Ashok akiwa wa kwanza, Jovin alikuwa wa pili. Mwaka Ashok alipougua surua na kushuka hadi wa tano, Jovin akawa wa sita, kwa sababu muhula mzima hakuwa na wa kumkimbiza. Baadaye wote wawili walisoma uchoraji wa ramani katika Chuo cha Ufundi, wakahitimu mwaka 1979. Kwa mkono, Jovin alikuwa hodari zaidi, na walimu walisema hivyo waziwazi. Lakini Ashok alikuwa na bikari na kalamu za Kijerumani ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha buluu, na Jovin alisema mpaka uzeeni kwamba mstari wa Ashok ulinyooka kwa sababu ya kile kisanduku.

Mwaka 1984 Ashok alimwoa Bi. Ila, akaja kwenye harusi amepanda farasi mweupe, mji mzima ukatoka kutazama. Jovin alikuwa tayari amechumbia. Mchumba wake alikuwa Siwema, binti wa mtaa wa pili, mrembo, mwenye ulimi usiolala. Harusi ilikuwa imepangwa, lakini Jovin aliiahirisha mpaka apate kitu cha kushinda farasi. Siwema alingoja miaka miwili. Tarehe 23 Agosti 1986 Jovin alifika karibu na kanisa la Msimbazi akiwa amesimama juu ya kiberenge cha reli alichokiombea ruhusa baba yake, kimepambwa kwa makuti na maua ya karatasi, matarumbeta yakimtangulia kwa miguu pembeni ya reli. Suruali ilikuwa na grisi mpaka magotini. Bibi harusi, ambaye leo sote tunamwita Mama Siwema, anasema alipomwona alitaka kurudi nyumbani, kisha akamwona bwana harusi haangalii upande wa bibi harusi hata kidogo. Alikuwa anatafuta sura ya Ashok katika umati.

Hapo Mama Siwema naye alianza kuona wivu, na ametutaka tuliseme. Katika ndoa yao ya miaka thelathini na minane hakuwahi kumwonea wivu mwanamke. Alimwonea Ashok. Alisema zaidi ya mara moja, "Angenitazama mimi nusu ya anavyomtazama yule Mhindi, ningenenepa." Joyceline naye alikuwa na lake rohoni. Kaka akimaliza ramani nzuri, ndugu zake wa damu walimsifu mpaka mate yakawakauka, lakini hakutulia mpaka Ashok aipitie. Ashok akisema "safi", Jovin aliudhika, akitaka kujua kwa nini hakusema "safi sana".

Kazi alianza mwaka 1980 katika idara ya ujenzi ya serikali, kitengo cha viwanja vidogo vya ndege, na alizunguka nchi akipima njia za kurukia na kutua. Mwaka 1994, wafanyakazi walipopunguzwa, alirudi Gerezani, akafungua ofisi ya ramani ghorofani, juu ya duka la vipuri vya malori. Mungu ana utani wake. Ng'ambo ya barabara, Ashok alikuwa amefungua karakana ya vyuma, anatengeneza kenchi, mageti na milango mikubwa ya maghala. Mchana kutwa nyundo za Ashok ziligonga, na Jovin alichora akiwa amejaza pamba masikioni. Akiona lori limekuja kupakia mzigo kwa Ashok, alishuka kununua sigara, na Jovin hakuwa mvutaji.

Mwaka 2012 alipata kazi ambayo yeye mwenyewe aliiita kazi ya maisha yake. Manispaa ya Mitondooni ilikuwa na kiwanja kidogo cha ndege, chenye njia moja ya lami na ofisi ya kukatia tiketi, na ndege zilizolala pale zililala juani na mvuani. Manispaa ilitaka eneo la mahanga, yaani mabanda makubwa ya kuhifadhia na kutengenezea ndege ndogo, nayo ikamwomba Jovin alipange. Alikwenda huko na begi la nguo, akakaa wiki nyingi. Alipima umbali kutoka njia ya kurukia. Alipanga maegesho, mifereji ya mvua, njia ya gari la zimamoto na mahali pa tangi la mafuta mbali na mabanda. Aliacha nafasi kati ya hanga na hanga ili bawa lisiguse ukuta. Ramani ile ilipitishwa bila kubadilishwa, na wanaojua kazi hiyo wamesema ilikuwa nzuri. Mistari miwili ya mahanga ilikutana kwa pembe, na pale ilipokutana Jovin alichora kiwanja cha kona kwa wino mzito kidogo kuliko vingine.

Aliyemuonya ni rubani mmoja, Bi. Rania, mjukuu wa wenye duka la vitambaa hapo Kariakoo, aliyekuwa akirusha ndege ya kunyunyizia dawa mashamba ya pamba. Alikuta ramani imetandazwa juu ya boneti ya gari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone. Hii hapa kona, hapa patakuwa pazuri kupita pote."

"Mzee wangu, mimi kona siitaki hata bure," Rania alisema. "Ndege zote zitageukia hapo, vumbi lote litaingia humo. Na ukiweka milango pande mbili, upepo utapita kama unaenda sokoni. Ndege yangu nyepesi ile."

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Si hapohapo Kariakoo, mzee. Ndiyo maana nakwambia, hapa siyo Kariakoo."

Jovin alicheka, akamwambia kwamba vijana wa siku hizi hawajui biashara. Kisha akakunja ramani.

Kazi yake ilipokwisha na mkataba kufungwa, manispaa ilitangaza viwanja kwa yeyote mwenye uwezo wa kujenga hanga na kulikodisha. Waombaji wengine wote waliomba vya katikati. Wawili tu waliomba kona, na wote wawili walikuwa wazee wa Gerezani. Jovin hakuwa amemwambia Ashok neno juu ya kona ile. Ashok aliiona mwenyewe kwenye ramani iliyobandikwa ukutani, akasimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma. Ofisa wa manispaa, kijana mpole, aliwauliza, "Wazee wangu, kwani hiyo kona ina nini?" Wakatazamana, wakamhurumia, wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao kumcheka mtu mmoja kwa pamoja.

Ikabidi wachague kwa vizibo vya soda ndani ya kofia, kimoja kikiwa kimetiwa alama ya chaki. Jovin alitia mkono, akatoa chenye chaki. Wasiomjua walidhani ameshinda bahati nasibu ya taifa. Aliwanunulia soda watu wote ukumbini, akampelekea Ashok yake mwenyewe kwa mkono wake, akasimama kumtazama anavyoinywa. Ashok alichukua kiwanja cha katikati. Jioni ile Jovin alimpigia mkewe simu na kumwambia, "Mama Jacqueline, leo nimepata kitu ambacho Ashok anakitaka na hana." Mama Siwema alimuuliza kama amekula.

Hanga lilifunguliwa tarehe 9 Julai 2016. Lilikuwa na milango mikubwa pande mbili, kama duka la Aggrey na Likoma. Milango hiyo ilitengenezwa na karakana ya Ashok, na Ashok aliisimamia mwenyewe kila siku bila kumwachia fundi, amenuna. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Bi. Rania, kwa heshima ya mzee, alikubali kuwa wa kwanza kuingiza ndege. Alizima injini, akashuka, watu wakapiga makofi. Kisha upepo wa mchana wa Mitondooni ukaingia mlango wa mashariki. Kitambaa cha meza ya mgeni rasmi kikaruka. Turubai likafuata. Ndege ile, iliyokuwa bado haijawekewa kabari kwenye magurudumu, ikaanza kurudi nyuma polepole, ikatokea mlango wa pili peke yake, watu wakiikimbilia. Wakati huo ndege nyingine ilikuwa inageuka pale kwenye pembe, na vumbi lake lote likawamwagikia waalikwa. Mgeni rasmi alimalizia hotuba yake akiwa ameziba pua kwa leso.

Baada ya siku hiyo hakuna rubani aliyekodi hanga la kona. Jovin aliambiwa azibe mlango mmoja kwa ukuta, mambo yaishe. Alikataa, akisema likizibwa mlango halitakuwa kona tena. Basi likabaki na viti vibovu vya ukumbi wa abiria na mashine ya kukatia majani. Hanga la Ashok, la katikati, lenye mlango mmoja, lilijaa ndege mwaka mzima, nyingine zikisubiri nafasi. Jovin alikuwa akienda Mitondooni, anafungua milango yote miwili, anakaa ndani na vumbi lake, anatazama jirani anavyopata wateja. Aliumia, na wala hakuficha. Mtu ametamani kitu tangu utotoni, amekipata mbele ya mashahidi, na kumbe hakina faida. Lakini kilichomuuma zaidi ni wazo kwamba Ashok sasa anamcheka.

Mwaka 2019 Ashok alivuka barabara ya Gerezani, akapanda ngazi, akakaa kwenye ofisi ya Jovin. Joyceline alikuwepo, amemletea kaka chakula.

"Jovin, tubadilishane," Ashok alisema. "Chukua la katikati na wapangaji wake. Mimi nipe kona."

"Unanionea huruma?"

"Huruma ya nini, bwana."

Jovin aliweka kijiko chini, akamtazama usoni. Joyceline naye alimtazama. Hapakuwa na huruma hata chembe. Mzee yule, aliyeona kwa macho yake ndege ikitolewa nje na upepo, alikuwa bado anaitaka kona. Alikuwa na macho yaleyale ya Jovin. Jovin akaokota kijiko, akaendelea kula, na baada ya tonge mbili tatu akasema, "Haibadilishwi."

Mama Siwema alipopata habari hizo aliacha kuzungumza na mumewe kwa muda. Hanga lenye wapangaji limeletwa mpaka mezani, akalikataa. Alimwambia, "Wewe bora tukose sote kuliko Ashok apate." Jovin alikiri kwamba ni kweli. Lakini alianza kupiga mluzi asubuhi akinyoa ndevu, na pamba akaitoa masikioni. Ndipo Bi. Ila, mke wa Ashok, katika kumfariji Mama Siwema, alipomfungulia siri ya miaka mingi, kwamba siku ya kiberenge Ashok alirudi nyumbani hakula chakula cha jioni, akisema farasi kila mtu anaweza kukodi. Mama Siwema alimpelekea mumewe maneno hayo. Jovin alimtaka ayarudie, na kesho yake akamtaka ayarudie tena.

Mwezi Novemba 2023 Jovin alipata kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto, na mwaka uliofuata figo zikaanza kushindwa. Alitibiwa kwa bidii, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, hasa wale waliovumilia kuchorewa ramani ya wodi yao ikiwa na marekebisho. Mei mwaka huu alirudishwa nyumbani, kitanda chake kikawekwa sebuleni.

Ashok alikuja kumwona mchana mmoja, na papai mkononi. Jovin, ambaye sauti ilikuwa imepungua, alimuuliza, "Ile kona bado unaitaka?" Ashok, kwa nia njema tu ya mtu aliyekuja kumpoza mgonjwa, akajibu, "Achana na mambo hayo, ndugu yangu. Tumeshazeeka. Kona ya nini tena?" Jovin aligeuza uso ukutani. Hakula siku ile. Uji ulioletwa kesho yake uliondoka kama ulivyokuja. Binti yake Jacqueline alimbembeleza, padri akaja, Joyceline akamwimbia nyimbo za mama yao, wapi. Alikuwa ameishi na hanga tupu miaka tisa kwa sababu moja tu, na sababu hiyo Ashok alikuwa ameichukua akaondoka nayo.

Mama Siwema ndiye aliyeelewa. Alijitanda khanga, akaenda Gerezani, akaingia katikati ya karakana mafundi wakiwa wanachomelea. Akamwambia Ashok, "Shemeji, umemmaliza mwenzako kabla ya siku yake. Zima mashine zako urudi ukaitake ile kona." Ashok alimwangalia, akavua miwani, akaifuta, akavua na aproni.

Alisimama kando ya kitanda. Mama Siwema alibaki mlangoni, amekunja mikono, na anakiri kwamba hata saa ile wivu ulimbana, kwa sababu alijua kinachokuja yeye hakuwa na uwezo wa kukitoa.

"Jovin," Ashok alisema, "nilikudanganya juzi. Naitaka ile kona."

Jovin hakugeuka.

"Niliitaka siku ile ya vizibo. Niliitaka hata baada ya lile vumbi. Ile milango nimeitengeneza kama ya kwangu, kila msumari nilikuwa nakulaani."

Jovin akageuka. "Ungepewa ungefanyia nini?"

"Ningefungua milango yote miwili, nikaweka kigoda cha baba katikati, nikakaa." Ashok akavuta kiti, akaketi. "Tungekaa wote, kama ungetaka."

Jovin alimtazama. Upande mmoja wa mdomo wake, ule ambao kiharusi hakikuugusa, ukacheka.

"Basi sikupi," alisema. Kisha akaomba uji.

Aliumaliza bakuli zima, na Ashok akamlisha papai. Siku zilizofuata alikuwa mchangamfu kuliko alivyokuwa tangu augue. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, alifariki akiwa usingizini, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono. Mama Siwema ameomba hili la mkono lisisahaulike, na kwamba siku hiyo Ashok hakuwepo.

Marehemu ameacha mjane, Mama Siwema, watoto wawili, Jacqueline na Leonard, wajukuu wanne, na mdogo wake, Joyceline. Ameacha pia Ashok, ambaye si wa ukoo wetu, na ambaye Jovin aliagiza kwamba akitajwa atajwe mwisho. Jana hapa msibani, Ashok alimfuata mjane kwa unyenyekevu na kumuuliza kama sasa familia ingekubali kubadilishana yale mahanga. Mama Siwema alimkumbatia, wakalia wote wawili, kisha akamwambia haibadilishwi. Funguo za hanga la kona anazo yeye. Kigoda, hata hivyo, Ashok ameruhusiwa kupeleka.

Ee Mungu, mpokee mtumishi wako Jovin, aliyechoka kutamani. Mpe mahali pema, na kama ipo nafasi, mpe pa kona.